Madereva, Waliolewa, Walikamatwa

Kosa la kwanza lililomtoa Rebeka damu lilikuwa la vifaranga. Alikuwa darasa la saba huko Malolo, mtoto wa wakulima wa vitunguu, na mtihani wa majaribio ulikuwa na swali lililosema: "Vifaranga ______ wote wameliwa na mwewe." Majibu ya kuchagua yalikuwa chini yake. Rebeka akachagua "vyangu", kwa sababu nyumbani kwao kila mtu alisema vifaranga vyangu, na mwewe alikuwa amewala kweli juma lile. Mwalimu akawaita mbele wote waliochagua kama yeye.

"Kifaranga ni kiumbe hai au ni kiti?" akamuuliza.

"Kiko hai, mwalimu."

"Kiko?"

Alipigwa viganjani. Alipokunja ngumi kwa maumivu, akapigwa juu ya vidole. Fimbo ilipovunjika, mwalimu alimtuma mtu nje akakate nyingine, na darasa zima likasubiri kimya huku damu ikichuruzika kutoka chini ya kucha ya Rebeka na kudondokea sare yake. Jibu sahihi, "wangu", hakulisahau tena. Lakini tangu siku hiyo kila alipoona nafasi iliyoachwa wazi katikati ya sentensi, ikisubiri neno moja, mikono yake ililowa jasho na majibu yote yakafanana.

Alisoma hivyo mpaka kidato cha nne. Matokeo yalipotoka na Kiswahili kikawa F, baba yake, Mzee Tomasi, aliyekuwa msomaji wa masomo kanisani kila Jumapili, alimpiga kwa mpira wa baiskeli mpaka mama yake akaingia katikati, naye akapigwa. Mwezi uliofuata Rebeka alipanda lori la vitunguu akashukia Mikumi, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu.

Mwenye nyumba hiyo ya wageni aliitwa Mama Gaudiosa, mjane mnene mwenye maneno machache. Hapo kwake ndipo Rebeka alipokutana na Cosmas, dereva wa semitrela za kwenda Zambia. Cosmas alikuwa mcheshi, alijua kuimba, na kwa muda alikuwa mume mwema kabisa. Wakapata binti, wakamwita Angela. Kisha Cosmas akapindua semitrela kwenye kona za Iyovi. Alikuwa amekunywa. Tajiri wake alimfukuza siku hiyohiyo, na habari zikasafiri kwa madereva wenzake barabara nzima, hata pasiwe na mtu wa kumpa usukani tena. Alianza kushinda kwenye maegesho ya malori akiomba vibarua vya kupakua, na alipokosa alikunywa, na akinywa alirudi nyumbani kupiga.

Rebeka alijifunza kumsoma. Akivua viatu mlangoni, usiku utapita salama. Akiingia navyo ndani, ampeleke mtoto kwa jirani.

Mama Gaudiosa aliona alama za makofi, na siku moja, wakianika mashuka, alitamka kama mtu anayezungumza na kamba: "Hoteli za mbugani zinatafuta watu wa mapokezi. Wanataka cheti cha chuo. Chuo wanataka ufaulu. Wewe unakosa masomo mangapi?"

"Mawili, mama. Kiswahili na Uraia."

"Basi nenda kwa Mwalimu Octavian, ukarisiti."

Mwalimu Octavian alikuwa amestaafu na alifundisha watu wazima waliotaka kurudia mtihani, katika ukumbi wa kanisa mkabala na maegesho ya malori. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kikohozi na hasira za karibu. Wanafunzi wake walikuwa mhudumu wa baa, mlinzi wa kituo cha mafuta, matingo wawili wa malori na Rebeka. Pamoja na utu uzima wao, mwalimu hakuwa ameiacha fimbo. Ililala mezani, pembeni ya chaki.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni: "Mmoja wa madereva hao ______ (kamatwa) leo." Akamnyooshea Rebeka kidole.

Mikono ikalowa. "Wamekamatwa," akasema Rebeka.

Mwalimu Octavian akaiokota fimbo na kuinyanyua. Ilipokuwa inashuka, Rebeka aliidaka. Hakujua kama angefanya hivyo. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Wote wawili wakabaki wameishika, kila mmoja upande wake.

"Nisamehe, mwalimu," alisema Rebeka. "Mimi nimepigwa na mwalimu, nikapigwa na baba, na sasa napigwa na mume. Sijawahi kuelewa kitu kwa kupigwa. Wewe niambie tu."

Nje lori lilipiga honi. Mwalimu Octavian aliiachia fimbo, akakohoa kwa muda mrefu, akageukia ubao.

"Umedanganywa na jirani," akasema hatimaye. "Madereva wamekaa karibu na kitenzi, ukadhani kitenzi ni chao. Lakini kitenzi hakimfuati jirani. Kinamfuata mwenye nyumba. Mwenye nyumba hapa ni nani?"

"Mmoja."

"Mmoja amefanya nini leo?"

"Amekamatwa."

"Hata kama barabara nzima imejaa madereva?"

"Hata kama imejaa. Amekamatwa."

Akamwambia akae. Kesho yake fimbo haikuwapo mezani, na hakuna aliyeiulizia.

Kuanzia hapo Rebeka akaelewa kwa kasi iliyomshangaza yeye mwenyewe. Kundi la nyati limevuka, si wamevuka. Kijana amefika, hata kama jina lake linaanza na ki. Alipokuwa akifua alitunga sentensi na kuzijibu. Kitu kilichokuwa kimefungwa ndani yake tangu siku ya vifaranga kilikuwa kinafunguka.

Kisha likaja somo la koma. Mwalimu Octavian aliandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine:

Madereva waliolewa walikamatwa.

Madereva, waliolewa, walikamatwa.

"Nani anaona tofauti?" Hakuna aliyeona. "Ya kwanza haina koma. Neno 'waliolewa' linachagua: kuna madereva waliolewa na kuna ambao hawakulewa. Waliolewa wamekamatwa, wenzao wamekwenda zao Iringa. Ya pili, 'waliolewa' imezungushiwa koma. Haichagui tena. Inasema madereva wote walilewa, na wote wamekamatwa. Mtihani unapenda sana mambo haya."

"Mwalimu, ya pili ndiyo ya kweli," alisema mmoja wa matingo, na wote wakacheka, Rebeka akiwamo.

Jioni ile jua lilikuwa bado halijazama. Rebeka alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha, jiko la mkaa likiwa limeshika moto pembeni, Angela akicheza na vifuniko vya soda. Alikuwa akirudia somo kwa sauti, akisimama kidogo kwenye kila koma kama mwalimu alivyowaelekeza.

"Madereva, waliolewa, walikamatwa."

"Rudia."

Cosmas alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi. Viatu alikuwa navyo miguuni.

"Ni swali la mtihani, baba Angela."

"Nimesema rudia."

Akarudia, kwa sauti ndogo.

"Yaani unakaa mlangoni kwangu unawatangazia majirani kwamba mimi nililewa. Hayo ndiyo unayofundishwa na huyo mzee wako?"

"Hukutajwa wewe. Ni mfano tu. Wanasema madereva."

"Madereva wote?"

Ulimi wa Rebeka ukamponyoka. Lilikuwa ni jambo la kwanza la darasani ambalo aliwahi kulielewa sawasawa, na alilisema kabla hajapima lilikokuwa linakwenda: "Ukitoa koma si wote. Wanabaki waliolewa tu."

Cosmas alinuka gongo, harufu ikamfikia Rebeka pale alipokaa. Alinyanyua kigoda na kumpiga nacho mdomoni.

Rebeka alianguka chali, kisogo kikagonga kizingiti. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili likampindua na kumtupa juu ya jiko, mkaa ukamwagika, na mkono wake wa kushoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi kifundo. Angela alipiga kelele na kuingia chini ya kitanda. Nyumba ya jirani mtu aliongeza sauti ya redio.

"Unaandikia mkono gani?" Cosmas alikuwa akihema. "Nakuuliza! Unaandikia mkono gani?"

Rebeka aliuficha mkono wa kulia chini ya tumbo, na kwa kuuficha ndipo Cosmas alipojua. Aliuvuta, akaukanyaga juu ya kizingiti, akachukua mchi uliokuwa umeegemea ukuta. Alipiga mara mbili. Kidole cha shahada kilitoa sauti kama muhogo mkavu unapovunjwa.

Mama Gaudiosa ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyempeleka polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3, kabla ya hospitali. Askari wa kike aliyekuwa zamu alikuwa mpole na mwenye haraka. Aliona jinsi Rebeka alivyokuwa akitetemeka na alitaka amalize upesi akatibiwe. Aliandika maelezo, akayasoma kwa sauti: mlalamikaji alipigwa na mumewe akiwa amelewa, akavunjwa kidole kwa kutumia mchi. Rebeka hakusikia hata neno. Aliweka dole gumba la kushoto pale alipoonyeshwa.

Cosmas hakukamatwa. Alihamia kwenye malori, leo analala kwenye hili, kesho kwenye lile, na askari walipokuja kumtafuta madereva walisema amesafiri. Rebeka na Angela walihamia chumba cha nyuma cha Mama Gaudiosa.

Mtu pekee wa upande wa Cosmas aliyekuja kumwona alikuwa Bonifas, dereva kijana kutoka Ruhembe, ambaye lori lake lilikuwa limeharibika na alikuwa akisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam. Alikuja na kipande cha muwa kwa ajili ya Angela, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shemeji, pole sana. Kwa kweli tumeona aibu."

"Yuko wapi?"

Bonifas aliangalia viatu vyake. "Nipo naye. Najaribu kumweka karibu ili asifanye jingine. Akiwa na kilevi anazungumza maneno mabaya juu ya yule mwalimu. Anasema wewe na yule mzee... Mimi namwambia aache. Usiwe na wasiwasi, shemeji, nitamshika."

Rebeka alirudi darasani bandeji ikiwa bado mkononi. Aliandika kwa mkono wa kushoto, wenye makovu mabichi ya moto, herufi zikianguka huku na huku. Mwalimu Octavian alipomwona alitoka nje kukohoa, na aliporudi alimtafutia kiti cha mbele.

Ilikuwa alasiri, wakifanya maswali ya miaka ya nyuma, Cosmas alipoingia ukumbini na panga.

"Mwalimu wa koma ni yupi?" akauliza, kana kwamba hapakuwa na mtu mmoja tu aliyeshika chaki.

Mwalimu Octavian aligeuka. Aliona panga likija, akainua mkono wa kushoto kujikinga, na panga likazama chini ya kiwiko na kugota kwenye mfupa. Pigo la pili lilimpata begani. Alikwenda chini akiburuza ubao pamoja naye. Mhudumu wa baa alipiga ukelele ambao haukukoma. Tingo mmoja alirusha benchi, likamkosa. Cosmas akanyanyua panga mara ya tatu, na hapo mikono miwili ikamkumbatia kutoka nyuma. Alikuwa Bonifas. Alikuwa amemfuata mbio kutoka maegeshoni, kifua wazi, bila viatu.

"Basi, Cosmas! Basi! Umeshaua!"

Walipambana, wakaangukia madirisha, kioo kikavunjika. Bonifas alimng'ata mkono na kumnyang'anya panga. Cosmas akajinasua, akakimbia kupitia mlango mkubwa, na Bonifas, panga mkononi, akamfuata huku akipiga kelele akamatwe.

Nje watu walikuwa wameshasimama: waendesha bodaboda, wauza vitunguu, mafundi wa matairi. Walichokiona ni wanaume wawili wakitoka kanisani mbio, wa nyuma akiwa na panga linalochuruzika damu. Mtu mmoja, na hadi leo hajulikani ni nani, akapaza sauti:

"Wamemuua mwalimu!"

Mwalimu hakuwa amekufa, na aliyemkata alikuwa mmoja. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila aliyelisikia alilirudia kama lilivyo. Wamemuua mwalimu. Wamemuua. Wakimbizeni, wanakimbia. Barabara nzima ikawa inakimbia kwenda upande mmoja.

Rebeka hakuona hayo. Alikuwa amepiga magoti kwenye damu ya Mwalimu Octavian, akiwa amevua kitenge chake, akikifunga juu ya kiwiko kwa meno na mkono wa kushoto. Mlinzi wa kituo cha mafuta alimsaidia kukaza. Mwalimu alikuwa macho, midomo imekuwa na rangi ya majivu.

"Nenda," mwalimu alisema. "Watawaua. Sikiliza nje."

Akasikiliza. Sauti ile aliwahi kuisikia mara moja tu maishani, mwizi wa mbuzi alipokamatwa Malolo: si kelele, bali kama maji yanayoanguka. Akamwachia mlinzi kitenge, akatoka.

Malori mawili yalikuwa yameegeshwa sambamba, na watu walikuwa pande zote. Alijipenyeza upande wa karibu. Cosmas alikuwa amelala ubavuni kwenye tairi la mbele, uso hautambuliki, jicho moja limefungwa kabisa. Mtu alimpiga spana ya magurudumu kwenye goti na mguu ukapinda usikotakiwa kupinda. Mawe yalikuwa yanatua juu yake mfululizo. Hakuwa akilia tena; alikuwa anatoa mkoromo.

Rebeka alisimama. Baadaye alimweleza Mama Gaudiosa bila kuficha: alisimama, akatazama, na moyo wake ukatulia jinsi ambavyo haukuwa umetulia miaka mingi. Ningekaa kimya tu, alisema, yangekwisha. Nisingehitaji kufanya lolote. Kidole changu kilikuwa kinapwita ndani ya bandeji, na kila jiwe lilipompata nilihesabu kwamba ni langu.

Halafu Cosmas akafungua jicho lililobaki, akamwona, akasema neno moja, si kwa kuomba, ila kama mtu anayetaja kitu alichokiona: "Mama Angela."

Rebeka akajitupa juu yake.

"Mwacheni! Mwalimu yu hai! Mwacheni, yu hai!"

Tofali lililokuwa limeshatupwa likampata mgongoni na kumkata pumzi. Mwingine alimshika nywele kumvuta, kisha akaona bandeji, akasita. "Huyu ni mkewe," mtu alisema. "Ndiye aliyevunjwa kidole." Mawe yakapungua, kisha yakakoma. Rebeka alibaki amelala juu ya mwanamume aliyemvunja, damu yake ikimlowesha kifua, na hakuthubutu kunyanyuka.

Ndipo alipohisi harufu ya petroli, kisha ya mpira unaoungua. Haikutoka upande wake. Moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka upande wa pili wa malori, na kutoka hukohuko sauti ya mtu ilikuwa inapiga kelele, ikisema siyo mimi, jamani, siyo mimi, muulizeni mwalimu. Rebeka aliitambua. Alitambaa chini ya trela kati ya magurudumu. Alipotokeza upande wa pili polisi walikuwa wakipiga risasi hewani na watu wakitawanyika, na Bonifas alikuwa amekaa katikati ya tairi linalowaka, kichwa kimeinama, amenyamaza.

Panga lilikuwa bado mkononi mwake. Hakuwa ameliacha, kwa kuogopa Cosmas asije akalichukua tena.

Mwalimu Octavian alipona, ingawa mkono wa kushoto ulibaki ukining'inia. Aliporudi ukumbini ubao ulikuwa umesimamishwa tena, na kwenye kona yake sentensi mbili za madereva zilikuwa bado hazijafutika. Alichukua kitambaa, akazifuta, akafuta tena mahali palipokuwa tayari peusi.

"Hizi tutatafuta nyingine," alisema. Hakutafuta nyingine siku hiyo. Aliwaruhusu waende nyumbani.

Novemba Rebeka alifanya mtihani. Kidole kilikuwa kimeunga vibaya, kimejikunja kama ndoano, na ilimbidi ashike kalamu kati ya dole gumba na kidole cha kati. Kwenye nafasi zilizoachwa wazi hakutetemeka tena. Alimtafuta mwenye nyumba, akampa kitenzi chake, akaendelea. Lakini kulikuwa na swali lililosema: kwa kutunga sentensi, onyesha jinsi koma inavyoweza kubadili maana. Kalamu ilisimama. Msimamizi alipita mara moja, akapita tena. Wenzake walikuwa wanafungua ukurasa. Mwishowe aliandika haraka, kabla hajaweza kujizuia: Madereva waliomkata mwalimu walipigwa. Kisha ile yenye koma. Chini yake alieleza kwamba kwa sentensi ya kwanza wengine walisalimika, na kwa sentensi ya pili hakusalimika mtu. Kisha naye akafungua ukurasa.

Kesi ya Cosmas ilisikilizwa Kilosa. Aliletwa kwa magongo, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na alijitetea mwenyewe. Kuhusu kumkata mwalimu hakuwa na la kusema. Kuhusu kidole, alipopewa nafasi, aliinua karatasi ya maelezo ya polisi.

"Mheshimiwa, imeandikwa hapa. Mlalamikaji alipigwa na mumewe akiwa amelewa. Aliyetajwa kwanza ni yeye. Yeye ndiye aliyekuwa amelewa. Alianguka mwenyewe."

Watu waliguna. Hakimu, mama wa makamo, alivuta nakala yake, akaisoma bila kubadili uso.

"Inaweza kusomeka hivyo," akasema. Akamgeukia Rebeka. "Nani alikuwa amelewa?"

"Mheshimiwa, mimi sinywi. Aliyekuwa amelewa ni yeye. Aliyepiga ni yeye. Naomba yaandikwe hivyo, kila moja na sentensi yake."

Karani akaandika. Cosmas alifungwa miaka saba. Alipokuwa akitolewa alimwangalia Rebeka kwa lile jicho moja, na hakuwa na hasira, wala shukrani. Alikuwa anamtazama tu mtu aliyemwokoa na kumfunga. Rebeka alishindwa kujua yeye mwenyewe alihisi nini. Baadaye alimwambia Mama Gaudiosa kwamba alihisi njaa.

Kwa kifo cha Bonifas hakufungwa mtu. Askari waliwahoji wengi. Wote walikiri walikuwapo. Wote walisema waliofanya ni watu, bila kutaja jina.

Matokeo yalimpa Rebeka C ya Kiswahili na D ya Uraia, na chuo cha hoteli Morogoro kikamkubali. Mama Gaudiosa alichinja kuku. Kabla ya kuondoka Mikumi, Rebeka alimshika Angela mkono wakapanda basi la Ruhembe, wakauliza njia kati ya mashamba ya miwa mpaka kwenye nyumba ya Teresia, mama yake Bonifas. Alikuwa mwanamke mwembamba, amekaa barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Rebeka alijitaja. Teresia aliweka gunzi chini, akasimama, akamzaba kofi, kisha lingine, kwa mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote. Angela alianza kulia. Rebeka hakurudi nyuma na hakuinua mkono.

"Ulimlalia muuaji," alisema Teresia. "Mwanangu ulimwacha."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini mwishoni? Wewe ulikuwapo. Niambie alisema nini."

Njiani, ndani ya basi, Rebeka alikuwa amepanga maneno ya kumfariji. Yalikuwa mazuri. Sasa hakuweza kulitoa hata moja.

"Alisema siyo yeye. Alisema wamuulize mwalimu. Nilisikia sauti tu, mama. Nilikuwa upande wa pili wa lori. Nilipofika alikuwa ameshanyamaza."

Teresia aliingia ndani na kufunga mlango, komeo likasikika. Rebeka hakuondoka. Alikaa barazani, akaanza kupukuchua mahindi yaliyobaki, taratibu, kwa sababu ya kidole, huku Angela akiegemea goti lake. Jua lilisogea. Mtoto akasema ana kiu, akasema tena.

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono ukatokeza na kikombe cha bati chenye maji, ukakiweka kizingitini upande wa mtoto, ukarudi ndani. Safari hii komeo halikusikika.